Bohari Kabla ya Duka: Walmart na Historia ya Kuuza kwa Bei ya Chini

Biashara ya maduka makubwa ya bei nafuu ilizaliwa Marekani katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kanuni yake ni rahisi kuieleza: mwenye duka anaridhika na faida ndogo kwa kila kitu anachouza, akijua kwamba wingi wa mauzo utamrudishia zaidi ya alichoacha. Kuitekeleza ndiko kugumu. Anayeshusha bei bila kushusha gharama zake anakula mtaji, na wengi waliofungua maduka ya namna hiyo katika miaka ya 1950 na 1960 waliishia hivyo. Kampuni ya Walmart, iliyoanzia katika jimbo la Arkansas na ambayo kwa miaka mingi imeongoza duniani kwa mauzo ya rejareja, ilifanikiwa kushusha bei na gharama pamoja. Siri yake ilikaa zaidi kwenye bohari, kwenye malori, na kwenye hesabu zilizopita kati ya bohari na duka kuliko kwenye rafu ambazo mteja alizitazama.

Mwanzoni kuuza rahisi kulikuwa na vizuizi vya kisheria. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, majimbo mengi ya Marekani yalitunga sheria za kumruhusu mwenye kiwanda kupanga bei ambayo bidhaa yake isingeuzwa chini yake, na mwaka 1937 bunge la taifa likaziunga mkono kwa sheria ya Miller-Tydings. Lengo lilikuwa kumlinda mwenye duka dogo dhidi ya kampuni zenye maduka mengi. Idhini hiyo ya taifa ilifutwa mwaka 1975, ingawa wakati huo sheria zenyewe zilikuwa zimekwisha kupoteza makali. Kati ya waliozikaidi mapema alikuwa Eugene Ferkauf, mwanzilishi wa E.J. Korvette ya New York, aliyeanza mwaka 1948 kuuza mabegi ya safari na vyombo vya umeme chini ya bei zilizopangwa. Mwaka 1953 duka la Ann & Hope likafunguliwa Cumberland, Rhode Island, ndani ya jengo la kiwanda cha nguo kilichokuwa kimefungwa. Humo hakukuwa na karani wa kumhudumia mteja mmoja mmoja. Mteja alisukuma toroli, akachagua mwenyewe, akalipia akitoka. Wafanyabiashara wa kila pembe ya nchi walikwenda kulitazama.

Mmoja wao alikuwa Sam Walton. Alizaliwa mwaka 1918 Kingfisher, Oklahoma, akahitimu Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1940, kisha akajifunza kazi ya duka katika kampuni ya J.C. Penney mjini Des Moines, Iowa. Alipotoka jeshini mwaka 1945 alinunua duka la vitu vidogo vidogo katika mji wa Newport, Arkansas, kwa dola 25,000, na 20,000 kati ya hizo zilikuwa mkopo wa baba mkwe wake. Duka lilitumia jina la Ben Franklin, na kampuni ya Butler Brothers iliyomiliki jina hilo iliwataka wenye maduka wanunue sehemu kubwa ya bidhaa kwake, kwa bei yake.

Walton aliona bei hizo ni kubwa, akaanza kutafuta mlango mwingine. Mfano aliopenda kuusimulia ni wa chupi za kike. Butler Brothers waliziuza dola 2.50 kwa dazeni. Wakala mmoja wa New York akampa kwa dola 2. Desturi ilikuwa kuuza chupi tatu kwa dola moja, na mwenye duka mwingine angeiweka tofauti ile mfukoni. Yeye aliuza nne kwa dola. Kwa bei ya zamani dazeni ingemwingizia dola 4, kwa bei mpya ilimwingizia dola 3, lakini ziliuzwa nyingi kiasi kwamba jumla ya faida ilipanda. Ndani ya hesabu hiyo ndogo ya mjini Newport mna karibu mkakati wote wa bei ambao kampuni iliufuata baadaye. Katika miaka mitano mauzo ya duka yalipanda kutoka dola 72,000 hadi 250,000 kwa mwaka. Kisha Walton akalipoteza duka lenyewe: mkataba wa pango haukuwa na kifungu cha kuuhuisha, na mwenye nyumba, alipoona biashara imenoga, alikataa kuuongeza ili mwanawe aichukue.

Mwaka 1950 familia ilihamia Bentonville, mji wa watu wapatao 3,000 katika pembe ya kaskazini magharibi ya Arkansas. Huko Walton alifungua duka jingine la Ben Franklin kwa mtindo wa kujihudumia, ambao wakati huo ulikuwa mgeni katika maduka ya aina hiyo, na akishirikiana na mdogo wake Bud akaongeza mengine katika miji ya jirani. Alipowashauri Butler Brothers waanzishe maduka makubwa ya bei nafuu katika miji midogo, walikataa, kwa kuwa wao waliishi kwa faida ya jumla ambayo mpango wake ungeipunguza. Tarehe 2 Julai 1962 akafungua la kwake, Walmart ya kwanza, huko Rogers, kilomita chache kutoka Bentonville. Karibu fedha zote zilitoka kwake na kwa mikopo aliyoiwekea dhamana mali ya familia.

Mwaka huohuo wa 1962 kampuni kongwe ya Kresge ilianzisha Kmart karibu na Detroit, familia ya Dayton ikaanzisha Target katika jimbo la Minnesota, na Woolworth ikaanzisha Woolco. Wote watatu walikuwa na mtaji mkubwa, wanunuzi wazoefu na majina yaliyojulikana, na kwa miaka mingi hakuna aliyemhesabu Walton kuwa mshindani wao. Miaka 5 baada ya Rogers yeye alikuwa na maduka 24 tu, na hayakuwa ya kuvutia. David Glass, aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni, alihudhuria ufunguzi wa duka la Harrison mwaka 1964. Joto lilikuwa kali, matikiti yaliyopangwa nje yakapasuka, punda waliokodiwa kubeba watoto wakachafua uwanja, na wateja wakaingia ndani na mchanganyiko wa vyote viwili kwenye viatu. Glass aliondoka akiamini kwamba mtu yule afadhali atafute kazi nyingine.

Kilichomwokoa Walton ni mahali alipochagua. Kmart na wenzake walifuata miji mikubwa, na mji wa chini ya watu 50,000 kwao haukuwa na maana. Walton alikwenda kwenye miji ya watu 5,000, au pungufu, mingi ikiwa makao makuu ya wilaya ambako wakulima walikuja mjini Jumamosi. Wateja wa huko walikuwa wamezoea kulipa zaidi kuliko watu wa mijini kwa bidhaa ileile, au kuendesha gari saa kadhaa kwenda kununua mbali. Duka moja kubwa la bei ya chini liliweza kukusanya wateja wa wilaya nzima, na mji ule haukuwa na nafasi ya duka la pili la ukubwa huo. Aliyewahi kufika alikuwa amefunga mlango nyuma yake.

Lakini miji hiyo ilikuwa na ugumu ambao ndio uliounda kampuni. Wasambazaji waliohudumia maduka ya mijini hawakutaka kupeleka lori hadi vijiji vya Arkansas kwa ajili ya maboksi machache. Mameneja wa Walmart waliagiza bidhaa wenyewe, kwa simu au kwa mchuuzi aliyepita, na mzigo ulifika siku yoyote au haukufika kabisa. Mwaka 1966 Walton alikwenda Poughkeepsie, New York, kwenye mafunzo ya kompyuta yaliyoandaliwa na IBM kwa ajili ya wafanyabiashara wa rejareja. Alikuwa mtu wa kuandika hesabu za maduka yake kwa mkono kwenye daftari, na alijua kwamba daftari lina kikomo chake. Alichokuwa akikitafuta huko zaidi ya mashine ni watu wanaojua kuzitumia, na baadhi yao aliwavuta Bentonville.

Bohari ya kwanza ilianza kazi Bentonville karibu na mwaka 1970, pamoja na makao makuu mapya. Fedha zilipatikana kwa kuuza hisa kwa umma mnamo Oktoba 1970, kwa dola 16.50 kila hisa. Kampuni ilikuwa na maduka 38 na mauzo ya dola milioni 44 kwa mwaka. Tangu hapo utaratibu wa kupanuka ukageuzwa. Kampuni nyingine zilifungua duka mahali penye wateja, kisha zikatafuta namna ya kulipelekea mzigo. Walmart ilijenga bohari kwanza, au ilipima kwanza bohari iliyopo inafika wapi, kisha ikajaza maduka ndani ya eneo ambalo lori liliweza kulizunguka kwa siku moja, yaani umbali usiozidi kama kilomita 550. Eneo likijaa, bohari nyingine ilijengwa pembeni mwake, na maduka yakasonga mbele tena kama doa la mafuta linavyoenea kwenye kitambaa. Walton mwenyewe aliruka na ndege ndogo juu ya miji, akaangalia magari yanapita barabara ipi na nyumba mpya zinajengwa upande gani, ndipo akashuka kuuliza bei ya shamba.

Utaratibu huo ulikuwa na manufaa ambayo hayaonekani kwa haraka. Meneja wa mkoa aliweza kutembelea maduka yake yote kwa gari. Matangazo hayakuhitaji fedha nyingi, kwa kuwa habari za duka la mji wa jirani zilikuwa zimekwisha kufika kabla ya duka jipya kufunguliwa. Lori lililoshusha mzigo lilirudi kwa njia ya kiwandani, likapakia bidhaa za safari inayofuata, na gharama ya kurudi tupu ikatoweka. Kampuni ilimiliki malori yake na kuajiri madereva wake, jambo ambalo wapinzani wengi waliliona ni mzigo usio wa lazima. Ndani ya bohari, kuanzia ile ya Searcy, Arkansas, iliyofunguliwa mwaka 1978, mikanda ya mitambo ilichukua maboksi kutoka mlango wa kupokelea hadi mlango wa kupakilia. Bidhaa nyingi hazikuwahi kukaa kwenye rafu za bohari hata siku mbili: lori la kiwanda lilishusha upande mmoja, mzigo ukagawanywa kwa maduka, na malori ya kampuni yakaondoka nao upande wa pili. Kwa hesabu ya Walton mwenyewe, kufikisha bidhaa dukani kuliigharimu Walmart chini ya asilimia 3 ya mauzo, wakati wapinzani walitumia asilimia 4.5 hadi 5. Kwa biashara inayoishi kwa faida ya senti chache katika kila dola, tofauti hiyo inatosha kumfanya mmoja aishi na mwingine afilisike.

Bohari hizo zisingekwenda kasi bila taarifa. Katika miaka ya 1980 maduka yalianza kusoma misimbopau kwenye kaunta za malipo, na kufikia 1987 kampuni ilikuwa imekamilisha mtandao wake wa satelaiti ulioyaunganisha maduka yote na Bentonville, mkubwa kuliko mtandao mwingine wowote wa satelaiti wa binafsi nchini wakati huo. Walton aliyaidhinisha matumizi hayo kwa shingo upande. Hakupenda kutoa fedha kwa kitu asichoweza kukiweka rafuni. Hata hivyo mashine hazikuchukua nafasi ya macho. Wakuu wa kanda waliondoka Bentonville kwa ndege kila Jumatatu, wakapita madukani kwao na kwa wapinzani, wakarudi kabla ya wiki kwisha, na kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na mkutano wa kupanga nini kibadilishwe. Uamuzi wa mkutano ulifika madukani kabla ya wateja wa Jumamosi kwisha, wakati kampuni nyingine zilisubiri ripoti ya mwezi.

Taarifa hizo zilibadili pia uhusiano na viwanda. Mwaka 1987 Walton na Lou Pritchett wa Procter & Gamble walifanya safari ya mtumbwi mtoni Arkansas, na mazungumzo yao yakazaa mpango wa kampuni hizo mbili kushirikishana hesabu za mauzo. Procter & Gamble ilihamishia timu ya wafanyakazi Arkansas, karibu na mteja wake mkubwa, na wengine wengi wakafuata. Mwaka 1991 mfumo wa Retail Link ukawawezesha wazalishaji kuona bidhaa zao zinauzwa kiasi gani na katika duka gani. Ulikuwa msaada wa kweli kwao, lakini pia ulihamisha kazi na wajibu: mzalishaji ndiye sasa aliyetakiwa kuhakikisha rafu haibaki tupu. Na kwa kuwa Walmart ilijua gharama zake yenyewe vizuri, mazungumzo ya bei yakawa magumu kila mwaka kwa yule aliyekaa upande wa pili wa meza.

Bei yenyewe ilisaidia mitambo kufanya kazi. Maduka mengi ya Marekani yalipandisha bei kwa kawaida, kisha yakatangaza punguzo la wiki gazetini. Punguzo hujaza duka siku mbili na kuliacha tupu siku tano. Bohari huzidiwa, kisha hukaa bure. Walmart ilichagua bei ya chini ya kila siku, bila vishindo, na mahitaji yakawa sawia kiasi cha kutabirika. Kmart iliendelea na vipeperushi vyake na mifumo ya kompyuta iliyochelewa kuijenga. Mwaka 1990 Walmart iliipita Kmart na Sears kwa mauzo, na Januari 2002 Kmart ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Walton alifariki Aprili 1992. Kabla ya hapo alikuwa ameanzisha Sam's Club mwaka 1983, kwa kuiga maghala ya wanachama ya Sol Price huko San Diego, jambo ambalo hakulificha; na mwaka 1988 duka la kwanza la Supercenter lilikuwa limefunguliwa Washington, Missouri, likiuza vyakula na bidhaa nyingine chini ya paa moja. Chakula kina faida ndogo kuliko nguo au vyombo, lakini humrudisha mteja kila wiki. Warithi wake waliyajenga maduka hayo kwa mamia, na Walmart ikawa muuzaji mkubwa kabisa wa vyakula nchini.

Bei ya chini ililipiwa pia na watu. Kampuni iliwaita wafanyakazi washirika, na tangu 1971 iliwagawia sehemu ya faida. Baadhi ya waliokaa muda mrefu tangu miaka ya mwanzo, hata madereva na makarani, walistaafu na akiba kubwa ya hisa. Wengi walioajiriwa baadaye walipata mishahara midogo tu. Vyama vya wafanyakazi vilipingwa kwa nguvu zote. Mwaka 2000 wakata nyama wa duka la Jacksonville, Texas, walipiga kura ya kujiunga na chama, na muda mfupi baadaye kampuni ikatangaza kwamba itauza nyama iliyokatwa na kufungwa kiwandani. Mwaka 2005 duka la Jonquière, Quebec, lililokuwa limepata chama, lilifungwa.

Miji midogo ile iliyoilea kampuni nayo ilibadilika. Mchumi Kenneth Stone wa Chuo Kikuu cha Iowa State, aliyeanza kuchunguza miji ya Iowa mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba mji wenyewe ulipata wateja zaidi kutoka nje, na migahawa ikanufaika, lakini maduka yaliyouza vitu vilevile yalipoteza mauzo, na miji ya jirani isiyo na Walmart ndiyo iliyoumia zaidi. Mteja mwenye kipato kidogo alipata unafuu wa kweli kila mwezi. Mwenye duka la nguo katika barabara kuu ya mji wake alifunga mlango. Historia ya kampuni hii haielezeki kwa haki ikiwa mmoja kati ya hao wawili ataachwa nje.

Nje ya Marekani matokeo yalitofautiana sana, na tofauti hiyo inafuata ramani ya bohari. Nchini Meksiko kampuni iliingia mwaka 1991 kwa ubia na Cifra, ambayo tayari ilikuwa na maduka mengi na watu wanaoijua nchi; leo Meksiko ni kati ya masoko yake makubwa. Nchini Ujerumani ilinunua maduka 21 ya Wertkauf mwaka 1997 na 74 ya Interspar mwaka uliofuata. Yalikuwa yametawanyika nchi nzima, mengine katika mitaa isiyofaa, na wapinzani wake, hasa Aldi, walikuwa wamekwisha kuishusha bei kwa mbinu zao: bidhaa chache, maduka madogo, wafanyakazi wachache. Mwaka 2006 yale 85 yaliyobaki yaliuzwa kwa kampuni ya Metro, na mwaka huohuo Walmart ikaondoka Korea Kusini.

Afrika Mashariki iliifahamu Walmart kwa jina jingine. Mwaka 2011 ilinunua asilimia 51 ya hisa za Massmart ya Afrika Kusini, baada ya mabishano marefu mbele ya mamlaka za ushindani yaliyohusu ajira na viwanda vya ndani. Massmart ilimiliki maduka ya Game, likiwemo la Mlimani City jijini Dar es Salaam, la Lugogo mjini Kampala, na baadaye la Garden City jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 2015. Maduka hayo yalikuwa na jengo zuri na bidhaa nyingi, lakini hayakuwa na kile kilichoijenga Walmart. Yalikuwa machache katika kila nchi, bidhaa nyingi zilitoka mbali zikapitia bandarini, forodhani na kwenye mabadiliko ya thamani ya sarafu, na lori lililoyapelekea mzigo halikuwa na duka la pili, la tatu na la kumi njiani. Mteja wa eneo hili alikuwa pia na masoko, maduka ya mtaani na kampuni za nyumbani zilizojua kununua karibu. Mwaka 2021 Massmart ilitangaza kwamba inatafuta mnunuzi wa maduka yake ya Game nchini Kenya, Uganda, Tanzania, Nigeria na Ghana, na kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa imejiondoa Afrika Mashariki.